Mabapa Saba

Mgeni alifika saa nne asubuhi, Maganga, baba wa mji, akiwa malishoni. Nyanjige alipoona baiskeli ya serikali ikiyumba kwenye njia ya ng'ombe, aliacha mwiko ndani ya chungu, akamshika mkono binti yake Klementina, akaingia naye ndani na kuuegemea mlango kwa mgongo. Tangu wahamishwe hakuwa na namna nyingine ya kumpokea mtu wa kaptura ya kaki. Miaka miwili nyuma watu wa aina hiyo walikuja kwenye mji wao wa zamani, wakasoma karatasi, wakatoa vitanda na vyungu nje taratibu kabisa, kisha wakachoma paa.

"Mwangaluka, mayu," mgeni aliita. Aliitamka salamu ya Kisukuma, na lile neno la kumwita mama, kama mtu aliyejifunza njiani. Hakuitikiwa. Akasubiri. Akasema kwamba kuna chungu kinaungua huku nje.

Kilikuwa kinaungua kweli. Nyanjige akatoka.

Kijana alisema anaitwa Marcelo, bwana malisho, ametoka Bariadi. Hakuja kuhesabu ng'ombe wala kudai mchango. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga sanduku la mbao lililofunikwa gunia bichi, na tangu Mwandoya alikuwa amelipeleka kwenye miji minne. Kila mmoja ulimwelekeza mbele, mpaka hapa, nyumba ya mwisho ya kijiji. Aliomba maji. Alikunywa kwa kata ileile ya nyumba, bila kuinusa kwanza, kisha akauliza habari za ngitili yao.

Ngitili ni nyasi za kaya. Kila mji hufunga eneo lake wakati wa masika, mnyama asiingie, ili kiangazi ng'ombe wapate la kula. Ya Maganga ilibaki kule kwenye mji wa zamani, mwendo wa nusu saa. Baba yake aliizungushia ua wa mpungate, ule mmea wa mabapa manene yenye miiba, na walipohamishwa hakukuwa na mtu wa kuukatia tena. Ua uliondoka mahali pake ukaingia katikati ya nyasi. Kiangazi kile ng'ombe wao wawili walikuwa wamekufa. Wakikosa nyasi walikula mabapa, na vimiiba vidogo vikawajaa kwenye ulimi, hata wakasimama mbele ya maji wasiweze kuyameza. Waliobaki walikuwa watano, na yule jike mwekundu aliyekuwa akinyonyesha alishaanza kutoa ute mdomoni.

Marcelo akafunua sanduku. Ndani mlikuwa na mabapa saba ya mpungate, na kila moja lilikuwa limeshikwa na vitu vyeupe, laini, kama pamba iliyochambuliwa. Klementina alikibinya kimoja kabla mama yake hajamkataza, na vidole vikageuka vyekundu pyu. Nyanjige aliukamata mkono wa mtoto akaugeuza huku na huku akitafuta jeraha. Mgeni alicheka, kisha akajuta kucheka, akapiga magoti kumwonyesha kwamba ile ilikuwa rangi ya mdudu tu.

"Anakula mpungate, basi," alisema. "Mpe mahindi, atakufa njaa. Mpe pamba, atakufa njaa."

"Nani alimwuliza?"

Marcelo alifikiri. "Walimfungia na majani ya kila aina, mayu, wakakaa wakamtazama. Hivyo ndivyo walivyomwuliza."

Alitaka mabapa yale yafungwe kwenye mpungate wa ngitili na yaachwe. Wasikate, wasichome, wasipulize dawa ya pamba karibu na wadudu. Yeye angerudi kabla pamba haijatoa maua. Alipokwisha panda baiskeli akakumbuka jambo la nne, akalisema mguu mmoja ukiwa chini: mtu yeyote atakayekuja kuomba bapa lenye wadudu apewe, bila malipo na bila kuchaguliwa.

"Unaniahidi?" akauliza.

Maishani mwake Nyanjige alikuwa ameamriwa mambo mengi na watu wa serikali. Huyu ndiye wa kwanza kumwomba, tena bila kuulizia kwanza mwenye mji. Alisema ndiyo kabla hajajua kwamba amesema.

Jioni Maganga alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole ambaye hofu ilimfanya aongee polepole zaidi.

"Umeahidi kwa jina la nani?"

"Kwa langu."

"Jina lako halimo kwenye daftari la kijiji, mama Klementina. Wakija, watalisoma langu."

Hata hivyo, asubuhi alikwenda naye, akafunga mabapa kwa kamba za katani, moja moja, akijichoma miiba na kuilaani.

*

Mvua za kwanza ziliposhuka Nyanjige aliogopa zitawaosha wadudu, akaenda kuyafunika mabapa kwa ungo mbovu na vipande vya ngozi. Waliishi. Wakazaana. Kufikia Desemba weupe ulikuwa umetoka kwenye mabapa saba ukashika kona nzima ya ngitili, na kwa mbali ungedhani mtu amelima pamba juu ya miiba.

Hivyo hasa ndivyo alivyodhani Jilala, mwenyekiti wa kijiji, alipopita kule akitafuta mtamba wake aliyepotea. Aliposogea akaona weupe unatambaa. Alirudi bila mtamba, na kabla jua halijageuka kipande cha reli kilikuwa kinagongwa kuita mkutano.

Jilala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashamba mawili ya pamba na watoto tisa, na mwaka uliotangulia alimwona mwenyekiti wa kijiji jirani akipandishwa kwenye lori kwa sababu pamba ya kijiji chake haikufika lengo. Alisimama mbele ya ofisi, kofia mkononi, akaeleza kwamba kila mwaka sheria inawataka wang'oe miti ya pamba na kuichoma, ili mdudu akose pa kulala mpaka msimu mwingine. Kila mmoja ametii. Wazee wametii, wajane wametii.

"Sisi tunaichoma nyumba ya mdudu," alisema. "Huyu mayu anamjengea."

Watu walicheka, kicheko kifupi, kisha kila mmoja akatazama pembeni. Mtu wa nyuma akataja neno hujuma. Hakulitaja kwa sauti, lakini lilifika mbele, alipokaa Maganga. Mhujumu alichukuliwa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumalizia sentensi hiyo.

Maganga akaomba kueleza, akaeleza vibaya. Alisema ni wadudu wa serikali. Jilala akamwuliza barua iko wapi. Hapakuwa na barua. Akamwuliza bwana malisho huyo alipitia ofisi gani ya kijiji, na Marcelo, kwa ujana wake, hakuwa amepita kokote. Likatolewa shauri kwamba ngitili ichomwe kesho yake, nyasi, mpungate na wadudu pamoja.

Nyanjige alikuwa amekaa chini upande wa wanawake. Baadaye alisema hakukusudia kusimama. Alimfikiria jike mwekundu na ulimi wake, na kiangazi kinachokuja bila hata zile nyasi chache za ngitili, na akajikuta watu wanamtazama.

"Chukueni bapa moja," alisema. "Mlifunge katikati ya pamba yangu mimi. Mkae mtazame."

Maganga alifumba macho. Pamba ile ndiyo ingewanunulia chumvi, sare ya mtoto na nafaka, kama mahindi yangekataa.

Shauri lile lilikuwa la haki, na haki ilimtisha Jilala kuliko kelele. Mwishoni mkutano ukakubali. Bapa litafungwa. Mdudu akihamia kwenye pamba, ngitili itachomwa na mji wa Maganga utapelekwa Maswa, wilayani, ukajibu huko. Na mpaka pamba ipasuke, mtu yeyote asifike kwao, na wao wasifike kwa mtu, mdudu asije akasafiri kwenye nguo. Palipokuwa na jiwe bapa, mwanzo wa njia ya kwenda kwao, ndipo palipowekwa mpaka.

*

Chumvi iliwekwa juu ya jiwe. Athumani, muuzaji wa duka la kijiji, mtu wa Binza aliyezoea kutania wateja, alikuja nayo ndani ya karatasi, akaiweka, akarudi nyuma hatua kumi, akangoja Nyanjige aichukue na kuacha senti palepale. Athumani aliziokota senti kwa jani. Mara ya kwanza aliomba radhi. Mara ya pili hakuomba. Mara ya tatu ilikuwa kana kwamba ndivyo chumvi inavyouzwa siku zote.

Kisimani Nyanjige alichota mwisho, wanawake wote wakishaondoka, maji yakiwa yamebaki tope. Shuleni Klementina aliambiwa asikilizie dirishani, kwa nje. Alisimama huko na daftari lake juu ya kizingiti, na mvua ikinyesha alifunga daftari ndani ya gauni akaendelea kusikiliza. Hakumwambia mama yake. Nyanjige alijua kwa sababu kurasa zilikauka zikiwa zimekunjamana.

Lakini kilichomchosha zaidi ni salamu. Kule mtu hapiti mtu bila mwadila, hata kama wana kesi, hata kama mmoja ana mzigo kichwani. Sasa walimpita kimya, na kila alipopitwa alijigusa mkono kidogo, kuhakikisha yupo.

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, alikwenda shambani. Bapa lilikuwa limefungwa kwenye fito katikati ya tuta la saba. Aliinama, akageuza majani ya pamba moja baada ya jingine, akitazama chini yake. Siku moja aliona weupe kwenye jani. Alichuchumaa palepale, akashindwa kunyoosha kidole. Akilini aliliona lori. Alimwona Maganga amekaa nyuma ya lori, mikono katikati ya magoti. Ndipo upepo ukapita, weupe ukaruka, na kumbe ulikuwa unyoya wa kuku. Alirudi kwenye jani lililofuata.

Pamba ikatoa maua. Marcelo hakuja. Katikati ya Februari Athumani, akiwa amesimama hatua zake kumi, alisema amesikia Mwandoya kwamba yule kijana wa baiskeli alihamishiwa mkoa mwingine kabla hata ya Krismasi.

"Hakuacha neno?" Nyanjige aliuliza.

Athumani alitikisa kichwa. Siku hiyo aliziokota senti kwa mkono mtupu. Labda alisahau.

*

Kisha wakaja funza wa vitumba, kama wanavyokuja kila mwaka. Waliingia kwenye mashamba yote, wakatoboa vitumba vikiwa bado vibichi, na kijiji kikanuka dawa toka mwanzo mpaka mwisho. Shamba la Maganga tu ndilo halikunuka. Watu waliopita njia ya juu waliona vitumba vyake vimeanguka chini, wakaonyeshana kwa kidevu.

Jilala alivuka jiwe yeye mwenyewe. Alikuja mchana, bomba la dawa mgongoni, akalitua uani. Nyanjige alipomwona alidhani siku imefika, na mkono wake ukamtafuta Klementina kama siku ile.

"Sikuja kwa ubaya," Jilala alisema. Alionekana mtu asiyelala. Alisema dawa iliyomo inatosha shamba zima. Wapulize, tuta la saba likiwemo. Wadudu watakufa, funza watakufa, na yeye atauambia mkutano kwamba mambo yamekwisha. Hata ngitili wataipuliza, haitachomwa. Mtoto atarudi ndani ya darasa Jumatatu.

Maganga alikwenda akalishika bomba. Alilinyanyua kidogo kupima uzito wake.

"Mtu wako haji," alimwambia mkewe bila kumtazama.

"Najua."

"Hajui kama tuko hai."

"Najua, baba Klementina."

"Sasa ahadi unamtunzia nani?"

Nyanjige hakumjibu mumewe. Alimgeukia mwenyekiti.

"Nikipuliza, watakufa," alisema. "Utawaambia watu wamekufa kwa nini? Utasema walikuwa wanakula pamba mpaka dawa ikawaua. Mwakani mtu mwingine akija na sanduku, mtamfukuza kwa fimbo. Na ng'ombe watasimama mbele ya maji."

Hayo ndiyo hasa Jilala angewaambia. Alimtazama Maganga. Maganga alikaa na bomba mkononi muda mrefu kiasi kwamba kuku walirudi wakaanza kudonoa miguuni pake. Kisha akalirudisha chini, akalifuta vumbi kwa kiganja kama kitu cha kuazima.

"Lichukue, mwenyekiti," alisema. "Sisi tutawaokota."

Waliwaokota. Watu watatu, tuta kwa tuta, kuanzia alfajiri hadi jua linapochoma, wakifungua kila kitumba kilichotobolewa na kuangusha funza ndani ya kibuyu chenye majivu. Kwa siku mbili Maganga hakusema neno na mkewe. Siku ya tatu alimwonyesha funza mnene, mwenye mistari, akasema huyu lazima ni mjumbe wa kamati. Nyanjige alicheka mpaka akalazimika kuushika mti wa pamba, na kicheko kikageuka kilio, na Maganga akaendelea kuokota upande wa pili wa tuta, polepole, akimngoja.

Karibu nusu ya vitumba viliharibika.

*

Mwezi wa Juni pamba ilipasuka, na Jilala akaja na wazee wanne kama mkutano ulivyoamua. Njia nzima Nyanjige alitembea nyuma yao akiwa amekunja vidole ndani ya kanga. Alikuwa ameshakwenda alfajiri, alishaona mwenyewe kilichopo. Aliogopa vilevile, kwa sababu macho ya watu waliokwisha kuamua huona mengine.

Wazee walianza na vitumba vilivyoharibika. Mmoja akasema, si hivi hapa vilivyoliwa. Akapasua kimoja, na ndani akamkuta funza aliyekauka, yuleyule wa kila mwaka, ambaye hata yeye alikuwa naye shambani kwake licha ya dawa. Akakitupa, akapasua kingine.

Ndipo Jilala akafika kwenye fito. Bapa lilikuwa limenyauka, limekunjamana kama kiatu cha zamani. Juu yake wadudu walikuwa wamekauka wote, vumbi jeupe tu. Wachache walikuwa wamejaribu kutembea, na akawaona kwenye kamba na kwenye fito, wamefia hapo, shibiri moja kutoka kwenye jani la pamba. Aliligeuza jani. Akageuza la pili. Alitembea tuta lote ameinama, mtu mzima yule, na wazee wakimfuata wakigeuza majani kama wanaosoma.

"Walikufa njaa," mzee mmoja alisema. "Katikati ya majani yote haya."

Toka hapo wakaenda ngitili bila kualikwa. Ile kona ilikuwa imelala. Mpungate uliokuwa juu ya kichwa cha mtu ulikuwa umeanguka, umeoza, rangi ya udongo, na katikati yake nyasi zilikuwa zimetoka, ndefu kiasi cha kumfika mtu gotini. Jike mwekundu alikuwa ndani yake anakula na ndama wake. Nusu nyingine ya ngitili bado ilikuwa na miiba, na wadudu ndio kwanza walikuwa wanaigusa. Jilala aliminya mmoja. Alipoona wekundu kwenye kidole chake alishtuka, akajifuta haraka kwenye suruali, akatazama kama kuna aliyeona.

Hakuomba radhi. Alisema kazi ya kamati imekwisha na kwamba mtoto arudi darasani. Wazee waliondoka mmoja mmoja, na wa mwisho, alipompita Nyanjige, akasema, "Mwadila, mayu."

Alichelewa kuitikia. Sauti ilikuwa imesahau njia.

Pamba yao ilipopimwa haikutosha sare na nafaka. Walichagua nafaka.

*

Agosti kiangazi kilishika. Mvua moja ya nje ya msimu ilikuwa imewaosha wadudu wengi, hata wale walioanza kuigusa nusu ya pili, na mpungate uliokufa uliwaua wale uliokuwa ukiwalisha. Nyanjige aliokoa mabapa matatu yenye wadudu hai, akayafunga kivulini nyuma ya nyumba. Alipanga kuyapeleka ile nusu ya pili ya ngitili kabla jua halijayakausha. Matatu yangetosha kwa shida. Mawili yasingetosha, na nyasi za kona zilikuwa zinakaribia kwisha.

Asubuhi moja aliona mtu amesimama kwenye jiwe. Alikuwa Jilala, mikono mitupu, amevua kofia. Hakuvuka. Miezi ilikuwa imepita tangu mpaka uondolewe, lakini alisimama nyuma ya jiwe kama mtu asiyejua kama wa kwake umeondolewa.

Alisema mtamba wake, yule aliyepotea, alipatikana siku nyingi. Sasa hawezi kumeza, na mpungate umeijaa ngitili yake.

Maganga alikuwa uani anachonga mpini. Aliacha kuchonga. Alimtazama mkewe, na mkewe aliona kwamba anahesabu alichokuwa anahesabu yeye: ndama, majani, wiki zilizobaki mpaka mvua. Alilikumbuka pia dirisha la shule. Kijana wa baiskeli alikuwa mkoa mwingine, labda ameshasahau hata jina la mji huu, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo siku ya ahadi ambaye angemwuliza.

Nyanjige alizunguka nyuma ya nyumba. Alifungua kamba ya katani kwenye bapa lenye weupe mwingi zaidi, akalifunika kwa pembe ya gunia bichi, akaja nalo njiani. Jilala alisogea pembeni kumpisha aliweke juu ya jiwe.

Nyanjige alilipita jiwe.

"Usikate," alisema. "Usichome. Usipulize dawa. Na atakayekuja kuomba, umpe."

"Nitampa, mayu."

"Yeyote, mwenyekiti."

"Yeyote."

Akamwekea bapa mikononi.